Kupiga na Kupigwa Picha: Mavazi ya Ukumbusho katika Masasi na Newala

Katika Volendam, kijiji cha wavuvi kilichoko kaskazini ya Amsterdam, pana maduka ya picha ambayo biashara yake ni ya namna ya peke yake. Mgeni huingia na nguo zake za safari. Juu ya nguo zile zile huvishwa sketi ya milia na aproni, kichwani huwekwa kofia ya lasi yenye ncha mbili zilizokunjika kama mbawa, na miguuni viatu vya mti. Mwanamume hupewa suruali nyeusi pana na kofia ya kivuvi. Mavazi hayo yamepasuliwa mgongoni na kutiwa kamba, ili yamfae mnene na mwembamba, na ili avikwe watu wengi kwa saa moja. Mgeni hushikizwa kinanda cha mkono au kikapu cha maua, hutazama mbele, na jambo limekwisha. Baada ya dakika chache amekwisha vuliwa, naye huondoka na picha inayomwonyesha kuwa mvuvi wa Kiholanzi. Wenyeji wenyewe, ila wazee wachache na siku za sherehe, wamekwisha acha kuvaa hivyo katika kazi zao za kila siku.

Msemaji wa Kiswahili atakaye kueleza jambo hilo hulazimika kuchagua kitenzi. Je, mgeni yule amevaa, amevalia, au amevishwa? Na aliporudi kwao akasema kwamba huko alipiga picha, je, alikuwa ameshika kamera yeye, au alikuwa amekaa mbele yake? Maswali haya yaonekana madogo. Lakini Afrika ya Mashariki nayo ina akiba kubwa ya picha za watu waliovaa kwa ajili ya kamera, na kutoka katika akiba hiyo makumbusho, vitabu vya shule, vikundi vya ngoma na watunga kamusi huchota ushahidi wa yale yaitwayo mavazi ya asili. Ikiwa haifahamiki nani alivaa kwa hiari yake na nani alivishwa, ushahidi huo husomwa vibaya. Makala haya yanalichunguza jambo hilo kwa njia ya lugha, na mfano wake mkuu ni nchi ya Masasi na Newala, ambako kamera ilifika mapema na ikaacha kazi nyingi.

Yafaa kuanza na kitenzi chenyewe. Kuvaa ni miongoni mwa vile vitenzi vya Kiswahili vilivyopoteza konsonanti ya mwisho wa mzizi. Konsonanti hiyo ni l, nayo imebaki katika lugha jirani, kama katika Kichewa kuvala. Katika Kiswahili haikupotea kabisa, bali imejificha, nayo hurudi mara tu kinyambulishi cha kutendea kinapoongezwa: vaa, valia, kama vile kaa, kalia, na twaa, twalia. Kuvaa peke yake hutaja tendo na hali pamoja. Amevaa kanzu maana yake si kwamba ameimaliza kazi ya kuiingiza mwilini tu, bali kwamba sasa anaonekana nayo. Hakisemi neno juu ya sababu.

Kuvalia huongeza sababu au mahali. Mtu ana nguo ya kuvalia sikukuu, na mwingine amevalia fulana ndani ya kanzu. Katika lugha ya magazeti amevalia limekuwa karibu sawa na amevaa, lakini aghalabu hutumika pale ambapo vazi lina shabaha, yaani mtu amevalia rasmi, amevalia sare, amevalia mavazi ya harusi. Usemi wa kuvalia njuga jambo, maana yake kulishika kwa bidii na kwa moyo wote, umetoka katika ngoma. Mchezaji afungaye njuga miguuni hajifungii kwa kutembea sokoni. Amekusudia kucheza, na kila asikiaye mlio ule ajua hivyo. Basi kuvalia ni kuvaa kunakotangaza nia ya mvaaji.

Kisha kuna kauli ya kutendesha, ambayo katika kitenzi hiki ina sura mbili, vika na visha. Sura ya kwanza imeelekea zaidi kwenye heshima: kuvika taji, kuvika pete, kuvika nishani. Ya pili ni ya nyumbani, kama kumvisha mtoto. Tofauti hiyo si sheria, na wasemaji wengi huzibadilisha, lakini katika zote mbili yuko mtu mwingine anayeamua nguo iwe ipi. Lugha yenyewe imeitilia shaka heshima ya namna hiyo, ndiyo maana pana usemi wa kumvisha mtu kilemba cha ukoka. Aliyevikwa kilemba hicho huonekana ametukuzwa, kumbe amefungwa majani ambayo mbuzi wa kwanza atayala.

Kupiga picha nako kuna fumbo lake. Neno picha limetoka katika Kiingereza. Kabla yake Kiswahili kilikuwa na taswira, neno la Kiarabu, na sanamu, lililotumika kwa mfano wowote wa umbo, uliochongwa au uliochorwa. Lilipoingia, neno hilo jipya lilishikana na kupiga, kitenzi ambacho kazi yake ni kuipokea kila kazi ngeni yenye chombo: kupiga chapa, kupiga pasi, kupiga randa, kupiga simu. Hadi hapo hakuna ajabu. Ajabu iko katika mtenda. Aliye na kamera hupiga picha. Lakini familia iliyovaa vizuri ikaelekea dukani kwa mpiga picha husema pia, twende tukapige picha, ingawa hakuna hata mmoja wao atakayegusa mtambo. Mzee aonyeshaye picha ya ujana wake husema, hii nilipiga nilipokuwa Tanga. Msikilizaji haoni kosa, kwa kuwa si kosa.

Wako wanaodhani kwamba huo ni uvivu wa usemi, na kwamba sharti isemwe kupigwa. Rai hiyo haikubaliki. Mteja alichagua siku, akachagua nguo, akachagua wa kukaa karibu naye, akalipa. Katika mambo manne au matano ya kazi ile, mwenye kamera alifanya moja. Sarufi ya Kiswahili yamtambua mteja kuwa mtenda kwa sababu kweli alitenda. Ni katika nomino tu ambapo mlango umefungwa: mpiga picha ni mwenye kamera peke yake, wala neno la kumtaja anayepigwa halijakita. Kitenzi kimeacha nafasi kwa wawili, nomino imempa mmoja.

Kauli ya kutendwa, kupigwa picha, imo katika matumizi, na si kila kupigwa ni kuonewa. Hata hivyo ni ndugu wa kupigwa faini na kupigwa marufuku, na hufaa hasa pale ambapo aliye mbele ya kamera hakuwa na neno la kusema. Nchi ya Masasi na Newala yatoa mfano ulio wazi.

Kwanza mahali penyewe. Ni desturi kuzitaja Masasi na Newala pamoja kana kwamba zote mbili ziko juu ya uwanda wa Makonde. Newala iko juu kweli, kwenye ukingo wa magharibi, mahali ambapo nchi hukatika ghafula na bonde la Ruvuma huonekana chini mbali. Hapo ndipo penye Shimo la Mungu. Masasi iko chini, katika tambarare yenye milima ya mawe matupu. Juu ni Wamakonde hasa. Chini wako Wamakua na Wayao, pamoja na vizazi vya watu waliokombolewa utumwani, ambao Askofu Edward Steere wa misheni ya U.M.C.A. aliwaleta kutoka Unguja kupitia Lindi mwaka 1876. Steere huyu ndiye yule yule aliyetangulia kuandika kitabu cha sarufi na msamiati wa Kiswahili mwaka 1870. Kwa hiyo Kiswahili kilifika Masasi pamoja na kanzu, na kwa muda mrefu walimu wa misheni walijulikana kwa vazi hilo, si kwa suruali ya Kizungu.

Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vilifika huko, na kituo cha misheni cha Masasi kikachomwa moto. Mwaka uliofuata, vita vikiwa havijaisha katika koloni nzima, akaja Karl Weule, mtaalamu wa elimu ya makabila kutoka makumbusho ya Leipzig. Alikuwa amekusudia kwenda pande za Kondoa-Irangi, lakini ghasia za huko zikamgeuza njia, akaelekea kusini. Kutoka Lindi alifika Masasi, akakaa Chingulungulu kwa Matola, mkuu wa Wayao, kisha akapanda Newala na Mahuta. Alichukua kamera ya picha, kamera ya sinema, na fonografu ya mitungi ya nta, na alifuatana na askari wenye bunduki. Kitabu chake cha safari kilitoka mwaka 1908, na mwaka uliofuata kikatolewa kwa Kiingereza na Alice Werner, ambaye wasomi wa Kiswahili wanamfahamu kwa kazi zake nyingine. Picha na vitu alivyokusanya viliingia katika makumbusho ya Leipzig, na nyimbo alizozinasa ziliwekwa Berlin.

Kazi ya Weule ina thamani, na hakuna mchunguzi wa Kiyao, Kimakua au Kimakonde awezaye kuiacha. Lakini hali ya watu waliosimama mbele ya kamera yake yapasa ikumbukwe. Ilikuwa baada ya moto na njaa, mbele ya mgeni wa serikali iliyoshinda vita, na askari walikuwa karibu. Mtu aliyeitwa kusimama hapo hakuwa mteja. Hakuchagua siku, na picha iliyotoka hakupewa. Huyo alipigwa picha, kwa kila maana ya neno.

Je, alikuwa amevaa nini? Hapa inafaa kutenga mambo matatu ambayo katika vitabu huchanganywa chini ya neno moja la vazi.

La kwanza si vazi hata kidogo, ingawa ndilo lililowavutia wageni kuliko yote. Mwanamke wa Kimakonde alikuwa na ndonya, kipande cha mti kilichotiwa katika mdomo wa juu uliotogwa, na kikaongezwa ukubwa kadiri umri ulivyosonga mbele. Mwanamke wa Kiyao alikuwa na kipini cha pua. Wengi walikuwa na chale usoni na mwilini. Vitenzi vya mambo haya ni kutoga na kuchanja, si kuvaa. Kipande cha mti chaweza kutolewa, lakini tundu halivuliwi. Ndonya haiwezi kuazimwa kwa dakika kumi kama kofia ya Volendam, wala mgeni hawezi kumvisha mtu. Kwa hiyo mahali ambapo picha za 1906 zaonyesha ndonya na chale, zinaonyesha maisha ya kweli ya mwili, hata kama aliyepigwa hakupenda kupigwa. Ushahidi wake ni thabiti. Desturi yenyewe ilidhoofika katika karne ile ile, kwa sababu ya misheni, shule, safari za kazi na fikira mpya za uzuri, hata ikabaki kwa wanawake wazee.

La pili ni kitambaa. Kabla ya biashara ya pwani kuenea, watu wa huko walivaa nguo za magome ya miti na ngozi. Kufikia 1906 kitambaa cha dukani kilikuwa kimekwisha zishinda: merikani, ile pamba isiyopaushwa ambayo jina lake lataja nchi iliyoileta kwanza, kaniki, iliyotiwa nili, na kanga za maua. Weule alieleza na kuonyesha kazi ya kutengeneza nguo ya magome, ambayo wakati huo ilikuwa inakwisha. Hapo lazima msomaji wa picha awe mwangalifu. Fundi aonyeshaye jinsi babu yake alivyopiga gome anafundisha. Hasemi kwamba kesho yake atalivaa. Picha haiwezi kusema tofauti hiyo, kwa sababu picha haina njeo. Sentensi ya Kiswahili ingekuwa nayo: walikuwa wakivaa, au huvaa, au wamevaa leo.

La tatu ni mavazi ya ngoma. Kinyago cha kuvaa, ambacho Wamakonde wengi hukiita lipiko, wingi mapiko, kina wakati wake na watu wake. Huonekana katika shughuli za jando na unyago, pamoja na ngoma yake, na aliye ndani yake hatajwi kwa jina. Mkiondoa ngoma, mkaondoa siku yake, mkakiweka juani kitazamwe, kimebaki mti uliochongwa vizuri. Hapa vazi ni la kuvalia, katika maana ile ya njuga. Na nia ikiondoka, kuvalia kunarudi kuwa kuvaa tupu.

Mambo hayo matatu, ya mwili, ya kitambaa na ya ngoma, yaliingia kitabuni kwa mlango mmoja, nao ni maelezo mafupi ya chini ya picha. Katika vitabu vya namna hiyo, mtu mmoja mwenye jina, mwenye mume na shamba, huandikwa kwa jina la kabila lake tu: mwanamke wa Kimakonde, mama wa Kimatambwe. Wingi umeuvaa umoja. Kwa mtazamo wa lugha, hilo ndilo vishwa kubwa kuliko yote. Mtu aweza kusimama na nguo zake mwenyewe za siku ile, wala asiongezewe hata ushanga, na bado akavishwa kabila na yale maneno mawili. Na maneno hayo huishi kuliko kitambaa. Leo picha hizo zapatikana kwa urahisi kuliko zamani, na mara nyingi hunukuliwa pamoja na maelezo yake ya kale, kana kwamba maelezo yamechapwa juu ya ngozi ya mtu.

Isidhaniwe kwamba kila vazi la picha la zamani ni la kuvishwa. Mfano wa kinyume, ulio mashuhuri, ni wa Sayyida Salme binti Said wa Unguja. Mwaka 1867 alibatizwa Aden akaitwa Emily, akaolewa na Heinrich Ruete, mfanya biashara wa Kijerumani, akaenda kukaa Hamburg. Huko akavaa kama wanawake wa Hamburg. Lakini katika duka la picha la mji ule ule alikaa mbele ya kamera na mavazi ya kifalme ya Unguja, suruali ya marinda, kanzu iliyotariziwa na mapambo ya kichwani, na picha hiyo ndiyo inayojulikana ulimwenguni kuliko zote zilizobaki za wanawake wa jumba la Sayyid Said. Nje ya mlango kulikuwa na baridi ya Ujerumani na nguo nyingine kabisa. Kwa ukarimu wa mtazamaji asiyejua, yule ni binti mfalme katika maisha yake ya kawaida. Kwa kweli alikuwa amevalia, yaani aliyarudia mavazi yake mwenyewe kwa nia, ili aonekane vile alivyotaka aonekane. Mambo mawili haya, mgeni wa Volendam na Salme wa Hamburg, yafanana kwa desturi ya dukani na kutofautiana kwa moyo. Mmoja avaa nguo za wengine kwa mchezo, mwingine avaa za kwao kwa sababu ameziacha. Kwa nasibu tu, vitabu na karatasi za jamaa hii ya Ruete zilipata makao Leiden, katika nchi ile ile ya viatu vya mti.

Unguja yenyewe maduka ya picha yalikuwa yamekwisha simama kabla ya mwisho wa karne ya 19, mengi yao ya watu wa asili ya Goa, kama A. C. Gomes na ndugu Coutinho. Waliuza kadi za posta zilizoonyesha wanawake wa mji wamepambwa, na kadi hizo zilikwenda Ulaya na maneno ya jumla chini yake. Lakini maduka hayo hayo yalipokea wateja wa mji waliokuja kwa fedha zao. Baadaye, mwaka 1930, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, na vizazi viwili vya Unguja vikapita mbele ya kamera yake. Picha za namna ya pili zina adabu zake: kanga mpya, saa ya mkono iliyogeuzwa mbele, ua mezani, pazia lililochorwa nyuma. Katika miji mingi ya bara na pwani duka la picha liliweka koti na tai vya kuazima. Kijana akavaa koti lile lile alilovaa mwenziwe juma lililopita, na picha mbili zikatumwa katika vijiji viwili. Hapa tena ni Volendam, ila kwa upande wa pili: mteja haazimi zamani za watu, aazima kesho yake mwenyewe. Hakuna aliyedanganywa. Mama aliyeipokea picha kijijini alijua kwamba koti si la mwanawe, naye akaitundika ukutani.

Hapo yafaa kusema neno juu ya kitambaa chenyewe, maana Waholanzi wameingia katika habari hii kwa njia nyingine pia. Kanga na vitenge vilivyovaliwa Afrika ya Mashariki na Kongo havikuchapwa Bombay na Manchester tu. Viwanda vya Uholanzi, pamoja na kile cha Helmond kilichoitwa baadaye Vlisco, vilichapa kwa soko hilo, na hata leo mwanamke wa Kongo atakaye kusifu kitenge chake hukiita cha Kiholanzi. Na mavazi ya jadi ya Kiholanzi, kama yale ya Hindeloopen, yalitumia vitambaa vya maua vilivyoletwa kutoka India. Basi mwanamke wa Newala aliyefunga kanga na mwanamke wa Hindeloopen aliyevaa koti la maua wote wawili walivaa vitu vilivyovuka bahari, na wote wawili huitwa leo wavaaji wa asili. Wanaotafuta asili katika uzi watachoka. Asili imo katika jinsi ya kufunga, siku ya kufunga, na anayefundisha kufunga.

Hili ladhihirika wazi katika picha za wali. Katika Masasi na Newala, kama katika sehemu nyingine za kusini, jando na unyago huishia kwa siku ya kutolewa. Wali walikuwa wametengwa, wamevuliwa nguo zao za utoto, na siku ya kutoka huogeshwa na kuvikwa nguo mpya tupu. Kitenzi hapa ni kuvika, na kwa haki, kwa kuwa mvaaji hana hiari ya kuchagua, lakini wanaomvika ni wazazi, wajomba na makungwi wake, tena mbele ya watu wa kwao. Mwali wa kiume aweza kutoka na shati jipya, kofia na miwani ya jua. Wa kike na gauni au kanga mpya na mapambo, akafunikwa kwa mwavuli. Fedha hutuzwa, vigelegele hupigwa. Zamani aliitwa mpiga picha wa mjini, na siku hizi kila mjomba ana simu yenye kamera. Picha ya siku hiyo ndiyo picha ya ukumbusho hasa.

Mgeni atakaye vazi la asili aitazamapo picha hiyo hukata tamaa. Aona miwani ya dukani na shati lililoshonwa kiwandani, akasema mila imeharibika. Hajaona kwamba katika picha hiyo, kuliko ile ya ngozi na magome, mila yenyewe ndiyo iliyovika. Upya ndio unaotakiwa na desturi. Nguo isiyovaliwa na mtu mwingine yeyote ndiyo inayomfaa mtu aliyetoka kuwa mtu mpya. Wala haikuwa lazima nguo hiyo iwe ya magome wakati kitambaa kipya kilikuwa merikani, na haikuwa lazima iwe merikani wakati kipya kilikuwa shati.

Serikali nayo imewahi kuingia katika kuvika. Baada ya Uhuru, Wizara ya Utamaduni na Vijana ilianzishwa mwaka 1962, na katika miaka iliyofuata kikundi cha ngoma cha taifa kikaundwa. Sindimba ya Wamakonde ikatoka uwandani ikapanda jukwaani, ikafundishwa mashuleni nchi nzima, na wachezaji wakapata sare. Mwishoni mwa miaka ile ile ya 1960 Wamasai wa kaskazini walishurutishwa waache mavazi yao wavae suruali. Hivyo serikali moja, kwa muda mmoja, ilivika mavazi ya jadi wale wa jukwaani na kuyavua kwa wale wa malishoni. Mgongano huo waonyesha jinsi neno jadi linavyobeba maana mbili, jambo linalotazamwa na jambo linaloishiwa, na vitabu vya shule vya wakati ule havikuzitenga.

Kamusi nazo hazijazitenga vya kutosha. Vazi la asili, vazi la jadi na vazi la kitamaduni hutumika kana kwamba ni moja. Ingekuwa faida kubwa ikiwa mtunga kamusi angetofautisha, kwa mifano ya matumizi, vazi la zamani, ambalo liliachwa. Vazi la desturi, ambalo desturi ingali inaliamuru hata likiwa jipya. Na vazi la maonyesho, ambalo huvaliwa litazamwe kisha likavuliwa. Kofia ya Volendam ni ya namna ya tatu. Nguo ya magome ya 1906 ilikuwa ikihama kutoka ya pili kwenda ya kwanza, na mbele ya kamera ikawa ya tatu. Shati la mwali ni la namna ya pili, hata kama limechapwa jina la timu ya mpira ya Ulaya.

Vilevile chini ya kitomeo cha piga, pale penye kupiga picha, maelezo ya kawaida ni kutoa picha kwa kamera. Ni maelezo ya upande mmoja. Yaongezwe ya pili, yaani kwenda au kukaa ili kutolewa picha kwa hiari, pamoja na mfano kama huu: wali walipotoka nje walipiga picha na wajomba zao. Na katika makumbusho, hapo ambapo karatasi ya kale yataja kabila tu, mwandishi wa maelezo mapya ya Kiswahili ana njia nyepesi ya kuanza bila kubuni jina asilolijua: aandike kwamba mwanamke huyu alipigwa picha Newala mwaka 1906, na kwamba nguo aliyovaa ni kaniki, ikiwa ni kaniki.